Aliyefunua Ukuta Wetu

Umewahi kuona mama wa heshima, kahiji, dhahabu hadi kwenye viwiko, akimvua mgonjwa blanketi miguuni mbele ya kadamnasi?

Mimi nimeona. Mgonjwa mwenyewe alikuwa baba yangu.

Na kisa kizima kililetwa na picha moja ya ukuta. Wengi wenu mliicheka picha ile. Leo kaeni niwaambie mlikuwa mnamcheka nani.

Naitwa Tarsih. Kwetu ni Tegal, mji wa Kijawa, uchochoro wa Gang Sawo, unaoanzia kwa kinyozi na kuishia kwenye mfereji.

Kwetu kila mtu ana hasira zake, na mwenye hasira hakosi kopo la rangi.

Nyuma ya msikiti kumeandikwa: "Ee Mola, mtoe roho anayetupa taka hapa." Kwenye kona: "Anayekojoa hapa ni mbwa," na chini yake kachorwa mbwa, kachorwa vibaya mpaka anafanana na mbuzi. Kwa Pak Darsono, yaani Mzee Darsono, anayeuza nyumba tangu mimi niko shule ya msingi: "Nyumba inauzwa. Dalali pita mbali." Kwa Bu Kaswi, yaani Mama Kaswi, mwenye wajukuu wengi: "Endesha polepole. Watoto ni wengi na baba zao wako nyumbani."

Sisi tulishazoea, hata hatuyasomi. Aliyeyasoma ni Bowo.

Bowo ni jirani, rika langu, kazi yake ni duka la kutoa kopi karibu na soko. Akitoka kazini anazunguka na simu, anapiga picha maandishi ya mitaani, anaongeza maneno mawili matatu ya kuchekesha, anarusha kwenye ukurasa wake. Wanaomfuata ni wengi kuliko wakazi wa kata yetu nzima. Yule mbwa mbuzi alipata umaarufu. Pak Darsono alianza kupigiwa simu na watu wa Sumatra, si kwa ajili ya nyumba, wanamsalimia tu.

Tulimpenda Bowo. Mimi nilimpenda kuzidi wengine kidogo, lakini hayo tuyaache.

Sasa na sisi tulikuwa na maandishi yetu. Ila yale hayakuwa ya kuchekesha.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alipopooza upande mmoja, tukaingizwa kwenye msaada wa serikali: mchele, na dawa zake. Watu wa kata wakaja na bati lililotobolewa herufi na kopo la rangi ya kupuliza. Wakapuliza ukutani, kando kabisa ya mlango, herufi nyeusi kubwa kama sahani.

FAMILIA MASKINI. MPOKEA MSAADA.

Eti lengo ni wenye uwezo wanaokula msaada waone aibu, wajitoe wenyewe. Wale hawakuona aibu hata chembe. Aibu tuliipata sisi. Na ole wako ufute au ufunike, unatolewa kwenye msaada siku hiyo hiyo.

Mama alilia, kisha akazoea. Mimi nikazoea. Dada yangu Wiji hakuzoea. Tangu rangi ile ikauke, alikuwa anaingia nyumbani kwa kupitia jikoni kwa Bu Kaswi, kama mwizi kwao mwenyewe.

Basi Wiji akapata mchumba. Teguh, mtoto wa mwisho wa Bu Hajah Rukayah, mwenye mashine za kukoboa mpunga. Kijana mpole, anaongea utadhani anaomba ruhusa ya kupumua. Alikuja kwetu mara nyingi, anaegesha pikipiki chini ya herufi zile zile.

Alimwambia dada, "Mimi naoa wewe, Wiji. Siuoi ukuta."

Dada alinihadithia maneno hayo tukiwa tunakunja nguo. Alikunja shati moja mara nne akitabasamu.

Tatizo lilikuwa mama mtu. Bu Hajah hakuwahi kufika Gang Sawo, na Teguh alisema akiyaona yale maandishi siku ya posa mambo yataharibika. Akaomba tuyafunike siku moja tu. Mama yake akishamzoea Wiji, yeye mwenyewe atamwambia taratibu.

Mama aliwaogopa sana watu wa kata. Lakini ana binti anayekaribia miaka thelathini, ambaye kila sherehe anaulizwa "lini?" na watu ambao ndoa zao zenyewe zinanuka. Mama akakubali.

Tukafunika kwa bango la mgombea.

Msicheke. Kila nyumba Gang Sawo ina bango la uchaguzi. Kura zikishahesabiwa linageuka turubai, la banda la kuku au la kuanikia mpunga. Letu lilikuwa la mgombea aliyeanguka vibaya mno. Tulilipindua upande mweupe, mama akalishonea maua ya karatasi na majani machanga ya mnazi, likawa pambo haswa. Jamaa akabaki huko nyuma, anautabasamia ukuta wetu.

Siku ya posa yakaja magari matatu yanang'aa. Masinia yakashushwa: matunda, keki, vitambaa, manukato. Baba akaletewa zawadi yake peke yake, blanketi zito la manyoya lenye picha ya tausi. Wazee wakakokotoa siku za kuzaliwa za Wiji na Teguh kwa kalenda ya Kijawa, wakakuta nyota zao zinaendana. Harusi ikapangwa baada ya Idi.

Bowo alikuwa ndiye mpiga picha. Bure, kama jirani.

Bu Hajah alikunywa chai yetu, akamvisha Wiji pete, akamkumbatia mama. Wakati wa kuondoka alisimama mbele ya ukuta akasifia pambo. Mama alimshukuru na kumsindikiza haraka hadi garini.

Jioni ile tulimfunika baba blanketi lake. Baba maneno yalikuwa hayatoki vizuri, lakini alimpapasa yule tausi kwa mkono wake mzima mpaka akasinzia. Sikumbuki kama nyumba yetu iliwahi kuwa na furaha vile.

Siku chache baadaye niko kazini. Nafua nguo za watu. Mwenzangu ananisogezea simu, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Ananiambia niwaone matapeli.

Nikaangalia. Ulikuwa ukuta wetu.

Bango limeinuliwa kona. FAMILIA MASKINI inasomeka mpaka nukta yake. Mbele yake magari matatu, pembeni masinia ya matunda. Juu Bowo kaandika: "Umaskini wa siku hizi una dereva."

Chini yake ndiyo usiseme. Tulitukanwa na watu wa miji ambayo sijawahi kukanyaga. Mmoja alisema tupigwe mawe. Mwingine alisema bibi yake analala njaa wakati sisi tunakula keki kwa kodi yake. Mwenzangu aliendelea kucheka mpaka aliponitazama usoni, ndipo akaifunga simu.

Watu wa kata hawakuchelewa. Walikuta kosa la kwanza ni kufunika maandishi, la pili ni magari. Mama akaeleza kwamba magari ni ya wageni, ya wakwe. Ofisa mmoja, mstaarabu kabisa, akamjibu kwamba anamwamini, ila nchi nzima imeshaona na yeye ana bosi.

Tukatolewa. Mchele ukakatika. Dawa za baba nazo zikafuata.

Kisha akaja Bu Hajah. Teguh yuko nyuma yake, macho chini. Majirani wakajaa mlangoni.

"Mimi sina ugomvi na maskini," Bu Hajah alisema. "Maskini nawalisha kila mwezi wa mfungo. Ugomvi wangu ni na matapeli. Mmenisimamisha mbele ya turubai la kura, mkaniacha nalisifia."

Mama akapiga magoti. Aliomba radhi, akasema tulitaka siku moja tu. Bu Hajah alimsubiri amalize, kisha akamshika Wiji mkono na kumvua pete mwenyewe.

Kwetu upande wa mwanamume ukivunja uchumba, zawadi zinabaki. Yeye akasema waliouvunja ni sisi, kwa hiyo zirudi. Vitambaa na manukato vikarudishwa garini. Lakini keki ilishaliwa, na matunda tuliwagawia majirani, wale wale waliokuwa wamesimama mlangoni wakijifanya hawasikii. Bu Hajah akaangaza macho chumba kizima akitafuta kilichobaki.

Akaliona blanketi.

Hakulinyakua. Alilivuta taratibu, kwa adabu, utadhani anatandua kitanda cha nyumbani kwake. Baba akalishika kwa ule mkono mzima. Wakavutana kidogo, mama mwenye dhahabu na mtu aliyepooza, halafu baba akaachia.

Teguh aliyaona yote. Alipokuwa anatoka alimnong'oneza Wiji avumilie, mama yake akipoa yeye atarudi. Na dada yangu, jamani, akaitikia kwa kichwa.

Mimi nilikuwa na mtu wangu mmoja tu wa kumtafuta.

Nilimkuta Bowo dukani kwao, anapanga karatasi. Nikamuuliza kwa nini aliinua bango letu.

"Sikuinua mimi, Sih."

"Lilijiinua lenyewe?"

"Mimi napiga picha maandishi. Kwani mimi ndiye niliyeandika ukutani kwenu?"

Nilitamani nimbamize na ile mashine ya kopi. Yeye hata hakukasirika. Alitoa simu akanionyesha picha ilivyokuwa kabla hajaikata pembeni.

Kulikuwa na mkono. Umeshika kona ya bango, umelinyanyua vizuri, kama mtu anayefungua pazia. Shati la mkono ule ni batiki ya bluu yenye mabawa ya dhahabu. Kwetu siku ya posa wachumba huvaa batiki ya kitambaa kimoja, kimekatwa na fundi mmoja, hakuna mwingine anayekivaa. Kwa hiyo kitambaa kile siku ile kilikuwa kwa watu wawili tu. Mmoja ni dada yangu, na dada yangu hana nywele mikononi wala havai saa ya kiume.

Bowo akanieleza kama anayesimulia mpira. Wazee walipokuwa wanapiga hesabu za kalenda, Teguh alimwita nje, akamwambia kuna maandishi matamu kuliko yote aliyowahi kupiga. Akalishika bango mwenyewe. Akaomba mkono wake ukatwe, usionekane.

"Akaomba na magari yaonekane," Bowo akaongeza.

Nikamuuliza kwa nini mtu afanye hivyo kwenye posa yake mwenyewe.

"Mwoga yule. Ahadi ameshampa dada yako; kuoa hataki, kukataa hawezi. Alitaka mama yake ndiye akatae."

"Na wewe ulijua. Ukairusha."

"Sih, ungeiona ile picha kwa macho yangu. Mwanga ulikuwa mzuri sana."

Hivyo hivyo. Hakutania. Alinitumia picha nzima bila hata kubembelezwa, maana kwake ilikuwa picha tu kama ya mbwa mbuzi. Na mimi niliyekuwa nampenda kidogo, kuanzia siku ile nilimchukia kwa moyo wangu wote, na sijaacha.

Nyumbani nilimkuta Wiji anaosha vyombo. Nikampa simu. Akajifuta mikono, akaikuza picha, akaangalia ile saa kwa muda mrefu.

"Hii saa nilimnunulia mimi," alisema.

Akarudi kwenye vyombo vyake. Hakulia. Teguh alipopiga simu hakupokea, wala hakumtukana. Aliniomba nisimwambie mtu, hata mama.

Maisha yakabana. Mama akawa haishi kwenda ofisi za kata kuomba turudishwe. Kila wiki anavaa ushungi wake mzuri, anakaa kwenye benchi, anarudi na ahadi. Baba hali ikashuka, mguu uliokuwa umeanza kukanyaga ukagoma tena. Wiji akatafuta kazi, akaipata kwa fundi wa mabango ya maua.

Mabango hayo kwetu ni jambo kubwa. Mtu akioa, akifungua duka au akifa, wanaomjua hutuma bango refu kama mlango limejaa maua, lina salamu kwa herufi kubwa na jina la aliyelituma. Yanapangwa barabarani nje ya nyumba, wapita njia wahesabu unajulikana na nani. Kazi ya dada ilikuwa kukata herufi na kuzibandika.

Hata mwaka haukuisha tukasikia Teguh anaoa. Anamuoa Arum, binti wa daktari, ambaye kumbe walikuwa wanapendana kitambo, ila alikuwa hajamaliza chuo.

Bu Hajah alialika mji mzima. Maagizo ya mabango yakamiminika kazini kwa dada, ya benki, ya wakoboaji, ya shule aliyosoma bwana harusi. Wiji akakata herufi za wote hao. Jina la Teguh alilikata mpaka vidole vikaota malengelenge.

Wiki hiyo hiyo mama alirudi kutoka kata anacheka peke yake njiani. Yule ofisa mstaarabu alimwambia ombi letu limeshapita karibu kote, imebaki sahihi ya mkubwa. Mama akapika wali wa manjano siku ile kwa mchele wa kuazima.

Asubuhi ya harusi Wiji akaniambia nimsindikize. Tulipanda nyuma ya pikapu pamoja na mabango. Dereva, Pak Sobirin, si mtu wa maswali, yeye anabeba anachopakiwa.

Tukayasimamisha moja moja mbele ya jumba la Bu Hajah. La mwisho lilikuwa limefunikwa kitambaa. Wiji alilibeba mwenyewe mpaka langoni, akaliweka mbele ya lile la benki, akavuta kitambaa.

HONGERA TEGUH NA ARUM.
ASANTE KWA KUTUFUNULIA UKUTA.
FAMILIA MASKINI, GANG SAWO.

Waridi jekundu pande zote, herufi nyeupe. Lilikuwa zuri kuliko yote pale, na sisemi hivyo kwa kuwa ni kazi ya dada yangu.

Wageni wakaanza kushuka kwenye magari na kusoma. Hakuna mtu Tegal ambaye hakuwa ameiona picha ya ukuta wetu. Wengine walicheka. Wengine walisoma mara ya pili, na hapo ndipo unamwona mtu anaelewa. Mama mmoja alimuuliza mwenzake, "Kumbe aliyefunua ni bwana harusi?"

Bu Hajah akatoka kupokea wageni, tabasamu limejaa. Akafuata macho ya watu. Akasoma. Rangi ilimtoka hata chini ya vipodozi unaiona.

Teguh alikuwa nyuma yake, kavaa nguo za bwana harusi, jambia la Kijawa mgongoni.

"Ni wewe uliyefunua?" mama yake alimuuliza.

Teguh akaangalia viatu vyake.

"Nilimvua yule mzee blanketi," Bu Hajah alisema polepole. "Na wewe umesimama pale pale."

Nikasema leo ndiyo leo. Huyu mama atavunja hii harusi, atapanda gari mpaka Gang Sawo, atampigia baba magoti.

Bu Hajah alijifuta uso kwa ncha ya ushungi. Akawaita wanaume wawili waliokuwa wanapanga viti.

"Ligeuzeni hilo bango. Wakwe wanafika."

Kisha akamnyoosha mwanawe kola, akamsukuma ndani. Arum alikuwa dirishani na alisoma kila kitu, nilimwona. Akashusha pazia. Harusi ikaendelea, na mishikaki ilinukia mpaka barabarani tulikosimama.

Wiji aliniambia twende, ana kazi. Kazi yenyewe haikufika mbali, mwajiri wake alimfukuza kabla hajavua kandambili.

Lakini bado hamjasikia lililonifanya niandike haya.

Bowo alikuwepo. Ndiye aliyekodiwa kupiga picha za harusi, unategemea nini. Alilipiga lile bango wakati wanaume wawili wanaligeuza, herufi bado zinasomeka. Mchana ule ule likawa kwenye ukurasa wake: "Familia maskini yatuma maua."

Nilidhani safari hii watu watauliza ukuta ulifunuliwa na nani. Hakuna aliyeuliza. Waliandika: "Si ndio wale wa magari matatu?" Waliandika: "Hela ya kula hawana, hela ya waridi wanayo." Yule wa kupigwa mawe alirudi na mawe yake.

Mkubwa wa kata naye ana simu. Aliiona kabla hajaweka sahihi.

Yule ofisa mstaarabu alimwita mama, akamwambia kwamba familia inayotuma bango la maua kwenye harusi ya matajiri haiwezi kuitwa maskini, hata yeye angemtetea vipi. Mama alirudi nyumbani akavua ushungi, akaukunja, akauweka. Hakwenda tena. Wiji alitaka kumwomba msamaha, mama akamwambia amletee maji ya kumwogeshea baba.

Baba alituacha kabla ya Idi iliyofuata. Barabarani kwetu hakukusimama bango hata moja.

Basi na mimi nimejifunza langu. Ukiona picha ya ukuta wa mtu ikakuchekesha, jua kuna kitu kimekatwa pembeni, na waliokikata wanakijua. Cheka ukitaka, siwezi kukuzuia. Ila usijidanganye kwamba umeiona nyumba yao.

Na kama wewe ndiye uliyeandika tupigwe mawe, usihangaike kuniandikia pole hapo chini. Mama bado anaishi Gang Sawo. Mpelekee mchele.